Kuba Lililoanzia Kwenye Kawa

Mpwa wangu ni msanifu majengo mjini Kampala. Mwaka jana, siku chache kabla ya Idi, alipanda taksi hadi Bombo akiwa amepakata boksi la kadibodi magotini njia nzima, na konda alipotaka kulitupa nyuma kwenye mizigo nusura wagombane. Ndani ya boksi mlikuwa na modeli ya ukumbi ambao kikundi cha akina mama wa kuweka na kukopa kilimwomba awachoree. Kuba tupu kuanzia chini, kipenyo mita 15, kimo mita 5 katikati, la fito na nyasi, limekaa juu ya msingi mfupi wa udongo. Kwa kipimo cha 1 kwa 50, modeli nzima ilikuwa na upana wa sentimita 30. Nyeupe pe pe pe. Ilikatwa kwa mashine ya leza.

Aliiweka mkekani mbele ya shangazi yangu, ambaye kwake yeye ni bibi. Shangazi ni Mnubi wa Bombo wa kuzaliwa, na amesuka makawa ya kufunikia chakula tangu akiwa msichana. Aliishika modeli kwa vidole viwili, akaigeuza, akachungulia ndani.

"Imetengenezwa kwa kitu gani?"

"Ubao wa povu, Bibi."

"Na ukumbi wenyewe?"

"Fito na nyasi."

"Sasa mbona humu sioni fito?"

Mpwa wangu akacheka kwa adabu, akaeleza kwamba modeli ni ya kuonyesha umbo tu, mambo ya fito yatakuja baadaye.

"Baadaye lini, mjukuu wangu?"

Kijana hakuwa na jibu. Nilikuwa nimekaa kando na kikombe cha chai, na tangu siku ile nimekuwa nikiwauliza swali hilo wasanifu wengine ninaofahamiana nao. Wengi hucheka vilevile.

Sina ugomvi na weupe. Ukiondoa rangi na umbile la vitu, jicho hubaki na umbo, mwanga na kivuli, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anahitaji nidhamu hiyo kama mtoto anayejifunza kuandika anavyohitaji daftari la mistari. Ila povu lina tabia moja mbaya: halikatai kitu. Unataka boriti ya mita 20 isiyo na nguzo hata moja? Kata kipande cha sentimita 40, bandika, kitakaa. Unataka ukuta ulalie nje kama mlevi? Gundi itaushika. Nyenzo ikikubali kila kitu, haimfundishi anayeishika lolote. Mtu anaweza kumaliza miaka mitano ya masomo, mikono ikiwa imeshika povu na kipanya cha kompyuta tu, asijue kwamba ufito una upande unaopenda kupinda na upande usiotaka.

Picha za kompyuta ndizo zilizozidisha. Pita Kololo au Naguru uangalie mabango yaliyotundikwa kwenye uzio wa mabati wa kila jengo linaloinuka. Anga ni ya buluu, mchana hauna jasho, wapita njia hawafanani na mtu yeyote wa mtaa ule, na hakuna bodaboda hata moja. Kampala bila bodaboda! Jengo likiisha, kioo chake kinatazama magharibi, na ikifika saa tisa alasiri wafanyakazi wanashusha mapazia na kuwasha viyoyozi. Bango halikuwa na jua, kwa hiyo hakuna aliyeungua.

Wazo la kutengeneza modeli kwa nyenzo na mbinu za jengo lenyewe halikuzaliwa jana. Mwaka 1418 mji wa Florence ulitangaza shindano la namna ya kulifunika kanisa lake kuu, na Filippo Brunelleschi, aliyeanza maisha kama mfua dhahabu, alijenga modeli ya matofali. Alichotaka kuthibitisha ni kwamba matofali yangeweza kupanda na kujifunga juu bila kiunzi cha mbao cha kuyashikilia kutoka chini. Maneno yasingetosha, na mchoro usingetosha. Ilibidi matofali yenyewe yaseme.

Antoni Gaudí naye, huko Catalonia, alitumia takriban miaka 10 kwenye modeli ya kamba alizozining'iniza kutoka darini zikiwa na vifuko vya gololi za risasi, kwa ajili ya kanisa la Colònia Güell. Kamba inayoning'inia haijui kitu kingine ila kuvutwa. Ukiligeuza umbo lake juu chini, kila mahali palipokuwa panavutwa panageuka kuwa pa kugandamizwa, na mawe na matofali huvumilia sana kugandamizwa. Gaudí alipiga picha zile kamba, akaigeuza picha, akachora juu yake. Mswisi Heinz Isler, aliyejulikana kwa mapaa membamba ya zege, alikuwa akitundika vitambaa vilivyolowa maji nje wakati wa baridi kali. Vikigandishwa na barafu, anavigeuza na kupata umbo la paa.

Sisi hatuna baridi ya kugandisha kitambaa. Tuna lubugo, kitambaa cha gome la mti.

Na hapa ndipo nataka kukaa kidogo, kwa sababu lubugo ni neno linalotajwa ovyo sana katika usanifu wa Uganda. Niliwahi kualikwa kwenye kikao ambapo ofisi moja ilikuwa inaonyesha mradi wa hoteli. Mchora picha alisimama akasema jengo "limechota roho ya lubugo". Tulipoitazama modeli, tuliona bati za alumini za rangi ya kahawia zilizochapishwa mistari. Ndiyo roho hiyo. Kama waliwahi kumwona mkomazi, fundi wa lubugo, akigonga gome, basi walimwona kwenye kalenda.

Gome linachunwa kwenye shina la mutuba wakati wa mvua. Shina linabaki uchi, linafungwa kwa majani ya mgomba ili lisikauke, na baada ya muda linaota ngozi mpya; mti mmoja huvunwa tena na tena kwa miaka mingi. Gome lililochunwa hupelekwa kwenye banda lisilo na kuta, penye kivuli, lisije likakauka haraka, na hapo hugongwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji, nene kwanza kisha nyembamba. Kila pigo linatawanya nyuzi. Kipande kilichokuwa chembamba kama taulo kinapanuka mpaka kinaweza kumvika mtu mzima, kisha kinaanikwa juani na kugeuka rangi ya chungu kipya. Kwa Waganda, watu wa ufalme wa Buganda, kazi hii ni ya ukoo wa Ngonge, na UNESCO iliitangaza kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005, ikaingia kwenye orodha yake wakilishi ya urithi usioshikika mwaka 2008.

Msanifu anajifunza nini hapo? Kwanza, kwamba hiki ni kitambaa kisichofumwa. Hakina uzi wa urefu na uzi wa upana. Nguvu yake inatokana na nyuzi zilizopishana, na haiko sawa pande zote. Mpwa wangu alijaribu, na nilikuwepo. Alichukua kipande cha lubugo, akakilowesha, akakikaza kwa misumari minne kwenye fremu ya mbao, akakiacha kilegee chenyewe kwa uzito wa maji. Alitarajia bakuli. Asubuhi tulikuta kitu kama mtumbwi: kwa upande mmoja lubugo ilikuwa imeshuka zaidi kuliko upande wa pili, kwa sababu mkomazi alikuwa ameivuta zaidi kwa upande huo. Akaipaka uji mzito wa muhogo, akaianika, akaigeuza. Ikasimama! Tulipoweka kikombe juu yake ikachanika, na haikuchanika pale tulipodhani. Lubugo nyingi zina viraka, kwa sababu penye tawi gome huwa na tundu na fundi hulishonea kipande. Kiraka kilishika vizuri. Mchaniko ulipita kando yake, sambamba na mshono.

Mhandisi yeyote atakwambia sababu: kiungo kikiwa kigumu kuliko kinachoungwa, mzigo unajikusanya pembeni mwake. Mpwa wangu alikuwa amelisoma hilo darasani, akafanyia mtihani na kufaulu. Lakini aliniambia hajawahi kulisikia kwa vidole. Siku ile alitoa simu akapiga picha ule mchaniko, na mpaka leo ndiyo picha inayotokea akiwasha kompyuta yake.

Huo ndio mpaka ninaouona kati ya kuchota sanaa na kuivaa. Ukibandika lubugo kwenye modeli umeazima ngozi yake, na ngozi haijui lolote kuhusu jengo. Ukiilowesha, ukaikaza na kuisubiri, umeazima tabia yake, nayo inaweza kukubishia.

Turudi Bombo. Shangazi alipoona mjukuu amenyong'onyea, aliamua kumsaidia, au kumwadhibu, sijui. Alisema angemsukia hilo kuba. Kawa la chakula ni kuba dogo, alisema, tofauti iko wapi? Alichukua nyasi akazifunga kuwa kamba ya unene wa kidole cha shahada, akaanza kuizungushia ukindu, akipitisha sindano kwenye duru iliyotangulia, na kila mshono akiuvuta mpaka unalia. Alianzia kitovuni, juu kabisa. Alimaliza kwa jioni nne: duru 11.

Nilikuwa nimeyaona makawa tangu utotoni. Sikuwahi kujiuliza ni nini kinachofanya kawa liiname. Jibu liko kwenye mshono. Duru mpya ikilazwa pembeni kabisa ya iliyotangulia, kazi inabaki bapa kama sinia. Ikishushwa kidogo, inaanza kuinama. Umbo lote la kuba linaamuliwa kwa maamuzi madogo ya milimita moja moja, na hakuna linaloweza kurekebishwa bila kufumua yote yaliyokuja baada yake.

Linganisha na modeli ya povu. Ile ilikatwa vipande kumi na viwili kama vya chungwa, vikakutanishwa juu na kubandikwa. Kwa macho, makuba mawili yanafanana. Kwa kazi, ni maadui. Kuba lolote linajaribu kujifungua kwa chini, likisukuma nje kama mtu anayeteleza miguu ikitawanyika. Duru zinaukamata msukumo huo kama mkanda unavyokamata kiuno. Vipande vya chungwa havina mkanda. Vina gundi tu. Makuba ya mawe yanapopasuka, nyufa hupanda kutoka chini kuelekea juu na kuyagawa hivyo hivyo, vipande vya chungwa. Ina maana modeli ya leza ilikuwa imejengwa juu ya nyufa zake tangu mwanzo, na hakuna aliyeziona kwa sababu zilipakwa gundi vizuri.

Ukitaka kuona duru zikifanya kazi kwenye jengo zima, nenda Kasubi, kwenye makaburi ya Makabaka, wafalme wa Buganda. Nyumba kuu, Muzibu-Azaala-Mpanga, ilijengwa mwaka 1882 kama ikulu ya Kabaka Muteesa wa Kwanza, ikawa nyumba ya makaburi mwaka 1884, na Makabaka wanne wamelala humo. Kwa nje ni kilima cha nyasi. Kwa ndani, inua macho: duru za paa, moja ndani ya nyingine, 52 kwa hesabu, na kila moja inasimama kwa ajili ya ukoo mmoja wa Waganda. Nguzo zimevikwa lubugo, na pazia la lubugo linaficha sehemu takatifu. Uezekaji ni kazi ya ukoo wa Ngeye. UNESCO iliyaweka makaburi hayo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Moto ukaiteketeza nyumba kuu tarehe 16 Machi 2010, mahali pakaingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na pakatolewa humo mwaka 2023 baada ya kazi ndefu ya kujenga upya.

Watu husifu duru hizo 52 kwa maana yake, na ni sawa. Mimi nazisifu pia kwa kazi yake. Aliyezipanga alijua kile shangazi yangu anachokijua, na ukoo ukiondoka kwenye duru, paa linalegea. Sijui kama kuna namna bora zaidi ya kuchora katiba.

Hapa msomaji mhandisi atakuwa amenyoosha mkono, na ana haki. Modeli hudanganya kwa ukubwa hata ikiwa ya nyenzo za kweli. Ukipunguza jengo mara 50, uzito wake unapungua mara 50 kwa urefu, mara 50 kwa upana, mara 50 kwa kimo: mara 125,000. Lakini unene wa fito unaobeba uzito huo unapungua kwa pande mbili tu, mara 2,500. Kwa hiyo modeli ndogo, ukiilinganisha na mzigo wake, ina nguvu mara 50 kuliko jengo halisi. Ndiyo maana sisimizi hubeba jani kubwa kuliko mwili wake na tembo hawezi. Ukikalia kawa la shangazi likastahimili, usiende kumwambia mhasibu wa kikundi kwamba ukumbi utasimama.

Sasa kipi kinachopita salama kutoka kwenye kidogo hadi kwenye kikubwa? Umbo linapita. Kamba ya Gaudí ina mkunjo uleule iwe ya shibiri moja au ya mita 40. Mpangilio wa kazi unapita pia: kipi kinaanza, kipi kinashikilia kipi, wapi pa kufungia. Mahali pa udhaifu panapita, kama ule mshono wa kiraka. Nguvu haipiti. Hiyo ihesabiwe kwa karatasi na kalamu, tena na mtu mwenye muhuri. Nadhani wengi wanaopenda habari za kazi za mikono wanaruka hapa kwa sababu panaharibu ladha, na ndiyo maana wahandisi wanawacheka.

Udongo una shida yake nyingine. Hospitali ya upasuaji wa watoto iliyofunguliwa Entebbe mwaka 2021, iliyosanifiwa na Renzo Piano pamoja na TAMassociati kwa ajili ya shirika la EMERGENCY, ina kuta nene za udongo ulioshindiliwa, na udongo wenyewe ulitoka kwenye mashimo yaliyochimbwa palepale. Ukiukaribia ukuta wa namna hiyo unaona tabaka, moja baada ya jingine, kama vile mtu aliandika shajara ya kila siku ya kazi. Lakini jaribu kutengeneza modeli yake kwa kipimo cha 1 kwa 50. Tabaka la sentimita 10 linakuwa milimita 2. Kokoto la sentimita moja linatakiwa liwe chembe ya mchanga laini. Ukitumia udongo uleule, kokoto zinageuka majabali na ukuta unapukutika mkononi. Kwa udongo, basi, modeli ya maana ni kipande cha ukuta cha kimo cha mtu, kilichoshindiliwa kweli ndani ya mbao, kisha kiachwe nje kipigwe na mvua ya ziwani. Hakipendezi mezani. Mteja hawezi kukipiga picha akiweka kwenye simu yake. Kitamwambia hata hivyo mahali paa linapotakiwa kutokeza.

Wapo wasanii ambao kwao modeli ndiyo kazi yenyewe. Bodys Isek Kingelez wa Kinshasa, aliyefariki mwaka 2015, alijenga miji mizima ya kufikirika kwa karatasi, kadibodi na vifungashio vya madukani, mingine yenye ghorofa kama keki ya harusi. Hapa kwetu Sanaa Gateja anakunja karatasi zilizotumika kuwa shanga na kuzishonea juu ya lubugo. Acaye Kerunen, aliyekuwa mmoja wa wasanii wawili wa banda la kwanza la Uganda kwenye maonyesho ya sanaa ya Biennale ya Venice mwaka 2022, pamoja na Collin Sekajugo, anafanya kazi na wanawake wasusi na nyuzi za migomba, ukindu na mabua. Simtaki msanifu aige kazi zao. Ningependa amwige Kerunen katika jambo moja tu: anaanza na wasusi.

Kwa kawaida yetu msusi huitwa mwisho. Jengo limekwisha, rangi imekauka, mwenye mali anagundua kwamba ukumbi wa mapokezi unafanana na benki, ndipo mtu anatumwa sokoni Buganda Road kununua vikapu vya kutundika ukutani. Msusi akiitwa wakati wa modeli, mchoro unabadilika. Lakini basi na malipo yabadilike. Shangazi alipomaliza lile kuba aliulizwa atalipwa kiasi gani, na mpwa wangu, kijana mwenye moyo mzuri, akataja bei ya kawa. Nilimtoa nje nikamuuliza: mhandisi wa kukuchunguzia paa ungemlipa bei ya kawa? Akarudi ndani akataja nyingine. Shangazi aliikubali bila kushangaa, jambo ambalo lilinionyesha kwamba alikuwa ameshapiga hesabu zake.

Ipo na hoja ya dharau, nayo ni nzito kuliko ya gharama. Mteja wa mjini akiona ukindu anaona umaskini. Amehangaika miaka 20 kutoka kwenye nyumba ya nyasi, sasa unamrudishia? Namwelewa, na baada ya moto wa Kasubi sitambishia mtu anayeogopa paa la nyasi. Lakini kinachofundishwa na kawa ni duru, na duru haina kabila la nyenzo. Mafundi wa Katwe wanaopinda mabomba ya chuma kutengeneza mageti wanaweza kupinda duru 11 za kuba kabla ya sala ya adhuhuri. Mpwa wangu alikwenda kuwaona na lile kawa mkononi. Hakupeleka ramani. Fundi mmoja aliligeuza, akapitisha kidole kwenye ukingo, akauliza swali moja tu: "Zote zinafungana, au kila moja peke yake?" Nimekaa kwenye vikao vya saa tatu vya wataalamu ambako swali zuri kama hilo halikuulizwa.

Hilo pia ni jambo ambalo ramani haiwezi. Ramani inasomwa na waliofundishwa kusoma ramani, na kwenye viwanja vyetu vya ujenzi hao mara nyingi ni mtu mmoja, tena hayupo. Kuba la ukindu linasomwa na fundi wa kuchomelea, mwezekaji na mweka hazina wa kikundi, kila mmoja kwa jicho lake. Pale Makerere, sanaa ambayo Margaret Trowell alianza kuifundisha mwaka 1937 na fani ya usanifu majengo leo ziko chini ya koleji moja pamoja na uhandisi. Ningefurahi siku moja kuona mtihani wa modeli ambao msusi mmoja, fundi chuma mmoja na mkomazi mmoja wanakaa upande wa watahini.

Jioni ile ya nne, shangazi alilivua kuba mapajani, akaliweka chini juu ya mkeka. Lilikaa imara. Mpwa wangu alilizunguka kwa magoti akilipiga picha, akisema maneno yake ya kitaaluma. Shangazi alimwacha amalize.

"Na mlango uko wapi?"

Tukatazamana. Mlango ulikuwepo kwenye ramani. Kwenye modeli ya povu ulikuwa tundu lililokatwa na leza kwa sekunde chache. Mpwa wangu akasema si tatizo, akatoa kile kisu chake cha kukatia karatasi, akapima sentimita 5 kutoka ukingoni, sawa na mita mbili na nusu za mlango halisi. Shangazi alimshika mkono kabla wembe haujagusa ukindu.

"Ukikata hapo, mjukuu wangu, lote litafumuka."

Akaligeuza kuba, akatafuta ncha ya duru ya mwisho, akaanza kufumua. Akafumua ya 11, ya 10, ya 9. Ya 8 akaiongezea nyasi mpaka ikawa nene maradufu, akaishona upya, akaikaza. Kisha akaanza tena kushuka, na alipofika mahali pa mlango hakuupita: aliikunja ile kamba ya nyasi, akairudisha ilikotoka. Mpwa wangu alikuwa ameweka simu chini. Alivuta daftari, akauliza kwa sauti ndogo kama anaweza kuona tena pale kwenye ile ya 8, alivyoizidisha unene.

"Sogea basi," akamwambia. "Na uwashe taa."